Bastola za Beseni Moja

Fundi alikuwa mtu wa kukuwekea bastola kuukuu mkononi na kukuuliza, "Mama yake ni nani?" Usipojibu anakutazama kama umesahau jina la mkweo. Ukijibu vibaya ndiyo hatari zaidi, maana atakueleza, na chai itapoa.

Alizaliwa wapi sikumwuliza, na ukoo wake haukunihusu. Tulikutana Mesquite, karibu na Dallas, wote wawili tumeletwa Marekani na watoto wetu kama magunia ya maharagwe: mimi kumlelea wajukuu binti yangu Ndinda, ambaye ni nesi, yeye kungojea basi la shule la wajukuu kwa mwanawe. Kanisani walimwita Fundi kwa sababu Kenya alikuwa fundi wa silaha wa polisi, yule anayekaa stoo kutengeneza bunduki zilizoharibiwa na wengine. Nami nikamwita Fundi, yeye akaniita Mama Ndinda, ikatosha. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. La nne nililichungulia dirishani. Herufi zikikosewa hapa atazisahihisha mjukuu wangu Mwende, ambaye siku hizi ni daktari wa meno. Nimeliandika hilo mapema lisije likasahaulika.

Alikuwa mfupi, mkavu, masikio makubwa. Viatu vyake viling'aa hata siku ya tope, kwa sababu polisi walimtoa lakini yeye upolisi hakuutoa. Aliendesha gari polepole barabarani, malori yakimpigia honi, naye anainua mkono kuyaitikia kama yanayomsalimu. Chai alimimina kwenye kisosi. Akikaa mahali, kwanza anakitikisa kiti, anasikiliza, ndipo anakaa. Kiti cha jikoni kwangu alikikataa mwaka mzima, mpaka nilipomruhusu akaze skrubu.

Urafiki wetu uliletwa na cherehani. Siku moja baada ya ibada nilikuwa nashona upindo wa joho la kwaya, nikalalamika kwamba cherehani za siku hizi ni za plastiki, zinalia kama paka. Cherehani yangu ya Machakos, nikasema, ilikuwa nyeusi, ina maandishi ya dhahabu, ilitoka Uskoti, na iliwavalisha sare watoto wa shule nne.

Fundi akaweka kisosi chini. "Umesema ilitoka wapi?"

"Uskoti."

"Basi mimi na wewe ni watu wa nyumba moja. Kiwanda hicho cha cherehani kilitengeneza vyuma vya bastola zangu."

Nilidhani ni maneno ya mzee anayetafuta wa kumpikia. Nikamwambia, "Fundi, nina wajukuu watatu na goti bovu. Tafuta mwingine."

"Ninaongea habari za chuma, Mama Ndinda," akasema, na hakutabasamu hata kidogo.

Akanieleza. Wakati wa ile vita kubwa ya wazungu, serikali ya Kiingereza ilikuwa na bastola moja ya maafisa, yenye silinda ya risasi sita. Ukiifungua inavunjika mgongo na kutema maganda yote, kama kuku anavyoinuka kwenye mayai. Kiwanda cha serikali kikazidiwa na kazi. Ndipo kiwanda cha malori kikapewa mchoro ule ule, kitengeneze nacho. Kiwanda cha cherehani kikapewa vipande vidogo vidogo vya ndani vya zile za serikali, na ile nyundo ya nyuma inayogonga risasi; watu wa malori walijitengenezea vyao. Mchoro mmoja, lakini tazama chuma chenyewe. Watu wa serikali walinyoosha kila ukingo kama wanaogopa mkaguzi. Watu wa malori waliacha michirizi ya tupa mahali pasipoonekana, kwa kuwa lori nani analitazama tumboni. Watu wa cherehani kipande chao ni laini kama kijiko cha mtoto, na wamekigonga herufi ndogo ambazo lazima uziangalie kwa kukaza jicho.

"Mchoro ni mmoja, mikono ni mingi," alisema. Huo ndio uliokuwa wimbo wake.

Nilimwelewa palepale, bila shule. Wape mafundi watatu sare moja ya shule, kitambaa kimoja, kipimo kimoja. Niletee zote tatu nimefumba jicho moja, nitakwambia nani kashona ipi, kwa tundu la kifungo tu. Kuna wa haraka, kuna mwoga, kuna anayejua mzazi hataangalia ndani. Nilipomwambia hivyo akanipa mkono kama tunaanza kujuana siku ile.

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe," akasema.

Kumbe Dallas kuna wazungu wanaokusanya bastola hizo jinsi sisi tunavyokusanya vikombe vya harusi visivyonywewa chai. Wanataka moja ya kila kiwanda, na wanataka kila kipande chake, mpaka skrubu, kiwe kimetoka kiwanda kimoja. Fundi aliziita hizo za nyumba moja. Zilizochanganyika aliziita za mama wa kambo. Nikamwuliza nani aliyezichanganya.

"Mimi," akasema.

Na ni kweli. Kwenye stoo ya polisi bastola zilikuja kukaguliwa kila mwaka. Anazifungua arobaini kwa siku, vipande vyote anavitumbukiza kwenye beseni moja la mafuta ya taa, anavisugua, halafu anaunganisha na chochote kinachogusa mkono kwanza. Nyundo ya huyu kwa yule, mpini wa yule kwa huyu.

"Na zilifanya kazi?"

"Zote."

"Na sasa?"

"Sasa wazungu wananipa kiti nizitenganishe." Akacheka mpaka meno ya juu yakahama mahali pake.

Huyo ndiye Fundi. Ujana wake aliutumia kuchanganya, uzee akautumia kuchambua, na kote alijisifu. Na usidhani alipenda mlio wa bunduki. Mwezi wa saba Wamarekani wanaporusha fataki zao, Fundi alijifungia bafuni na redio. Alisema bastola ni kama mke wa jirani, msifu kisha rudi kwako. Watoto wasichezee hata bunduki ya maji. Mwende alipoletewa moja siku yake ya kuzaliwa, Fundi aliinyakua, akaifungua mezani katikati ya keki, akamrudishia vipande kumi na kimoja.

"Kiwanda kibaya," akamwambia. "Plastiki hawakukata kingo."

"Nyanya, he broke it," Mwende akasema.

"Amekufundisha ilivyoundwa," nikasema. Labda ndiyo maana leo anatengeneza meno ya watu. Mimi natoa sifa zinakostahili, nyingi kwangu.

Sasa kuhusu ukweli wake. Kuhusu skrubu Fundi hakudanganya kamwe. Nilimwona akimwambia mzungu mnene mwenye mkufu kwamba bastola aliyoitafuta miaka sita ni ya mama wa kambo, na yule mtu akakaa chini sakafuni. Lakini sukari! Daktari alimkataza sukari, akamwapia mwanawe kwamba hagusi, na kwangu alikuja kunywa chai yenye vijiko vitatu. Mimi ndiye niliyemtilia. Nilisema moyoni, mtu mzima akinywa chai chungu atakuwa mchungu. Naandika hilo ili lisisemwe na mwingine.

Sukari ikaenda machoni.

Nilijua siku nilipompa sindano anitilie uzi. Alikuwa akijivunia sana kazi hiyo. Akalenga mara moja, mara mbili, uzi unapita pembeni ya sindano kama mlevi anayetafuta mlango. Nikamtazama, akajua nimemtazama.

"Tangu lini, Fundi?"

"Tangu watu walipojaza maji kwenye chupa wakisema kompyuta zitakufa." Hiyo ilikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na tisa, zaidi ya mwaka umepita. "Usimwambie mtu."

Lazima nieleze kile kiti, la sivyo hutaelewa kwa nini nilikubali. Mara kadhaa kwa mwaka, siku ya Jumamosi, watu wa bastola za kale walikodi ukumbi mkubwa Dallas na kupanga meza. Mzungu mmoja mstaafu, mimi namwita Kofia kwa sababu sikuwahi kuona nywele zake, alikuwa na meza yake, na pembeni alimwekea Fundi kiti. Watu walipanga foleni kumwonyesha chuma chao. Nyumbani kwa mwanawe Fundi alikuwa mzee wa kusubiri basi la shule na kuambiwa apunguze sauti ya televisheni. Kwenye kiti kile alikuwa mtu. Akisema ni ya nyumba moja, ni ya nyumba moja. Wakijua haoni, kiti kitakunjwa, naye atarudi kuwa mzee wa televisheni mpaka mwisho.

Kwa hiyo nikawa macho yake.

Nilikwenda naye kwa gari lake, taa za barabarani namsomea mimi, na kikapu changu cha nguo za kushona na kibakuli cha muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa. Nikaketi nyuma yake kidogo, nashona vifungo. Fundi anapokea bastola, anaizungusha pole pole kama anafikiri, anaielekeza kwangu. Mimi nasoma alama huku nimekunja uso kama mke anayelalamika.

"Chini ya mtutu kuna michirizi ya tupa."

"Mmh."

"Nyundo ni laini. Ina herufi tatu, ndogo kama mayai ya chawa."

"Hizo ni za cherehani. Na mpini?"

"Mweusi, una pengo la kidole gumba. Na huyu mzungu ananuka vitunguu, mmalize aende."

Fundi anamgeukia mteja na kutoa hukumu kwa Kiingereza chake cha gwaride. Kofia siku moja alimwuliza kwa nini mkewe anamgombeza kazini. Fundi akamjibu kwamba siyo mkewe, na kwamba wanawake wa Machakos wote husema hivyo. Kwa hilo la pili nilimnyima muthokoi siku ile.

Tulijiona wajanja sana. Siku ya tatu, mwanamume wa usafi pale ukumbini, kijana wa Kongo aliyekaa Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi, akaja na fagio lake akafagia mahali pamoja kwa muda mrefu. Nilipomaliza kusoma nyundo, akainama karibu nami.

"Mama, miye naye nasikia Kiswahili," akasema. "Iyi mambo munafanya na papa, nimesikia yote."

Sindano ilinichoma kidole. Fundi akakaa wima kama amepigiwa saluti.

"Na utasema?" nikamwuliza.

"Nitasema na nani, mama? Wao hata jina yangu hawajui." Akatazama kibakuli. "Lakini niko na njaa kidogo."

Tangu siku hiyo nilibeba vibakuli viwili.

Miaka miwili tulifanya hivyo. Sikuwahi kusoma alama vibaya, nasema bila aibu. Kosa langu lilikuwa lingine kabisa.

Kofia alikuwa na bastola zote za mchoro ule rafuni kwake isipokuwa moja: ya kiwanda cha malori, ya nyumba moja, yenye rangi yake nyeusi ya kiwandani. Hatimaye akaipata. Akamletea Fundi aifungue, aikague na kuipaka mafuta, na Jumamosi atamke neno lake mbele ya watu. Ijumaa Fundi akaja nayo jikoni kwangu, imefungwa kitambaa. Tukaifungua, nikamsomea. Alama za malori, michirizi ya tupa, kila mahali malori. Herufi za cherehani sikuziona. Nyuso zetu zilichangamka. Fundi akasema, "Kesho nitasema neno ambalo Kofia amelingoja miaka kumi." Kisha saa ya basi la shule ikafika, akaenda, akaniachia.

Nikabaki na ile bastola mezani. Sasa nisikilize vizuri. Mimi nimelelewa kwamba chombo cha watu hakirudishwi kichafu. Sufuria ya jirani ikija kwangu na masizi inarudi inakuonyesha uso wako. Na kitu kile kilikuwa kichafu, weusi umevimba, umebanduka pembeni kama ugali ulioungua. Nikajiambia, mzungu wa watu angoje miaka kumi halafu apokee kitu kama hiki, watasema Wakenya hawana adabu. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria, sabuni, na kiti. Nilisugua saa mbili. Nilisugua huku naimba. Weusi wote ukashuka kwenye sinki, chuma kikatoka cheupe, kinang'aa kama kijiko cha bibi harusi. Nikakausha, nikapaka mafuta ya kupikia, nikafunga kwenye kitambaa kipya.

Jioni Fundi akaja kuichukua. Akaipima mkononi ndani ya kitambaa.

"Umeipangusa?"

"Nimeipangusa."

"Asante. Inanukia sabuni."

Hakuona. Nami sikujua kuna la kuona.

Kesho yake watu walikuwa wamekusanyika kwenye meza, kumi, kumi na watano. Kofia akafungua kitambaa. Akavua kofia. Ndipo nilipojua hana nywele. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi mdogo, ule wa kuona gari limegonga mti. Nikatazama uso wa Kofia na nikaelewa kwamba ule weusi haukuwa uchafu. Ndio uliokuwa kitu chenyewe.

Nikasimama. Nikaanza na Kiingereza changu, "Me. I wash," na machozi yananitoka.

Fundi akaniwekea mkono begani akanikalisha. Kisha akasimama yeye, viatu pamoja, kama yuko mbele ya mkaguzi.

"Ni mimi," akawaambia. "Ilikuwa mikononi mwangu na nimewaletea hivi. Sikuona, kwa sababu sioni. Huu ni mwaka wa nne sioni."

Alisema hivyo hivyo, mbele ya ukumbi mzima. Yule Mkongomani aliacha kufagia.

Kofia alivaa kofia yake tena. Akaisukuma ile bastola mezani kuelekea kwa Fundi. "Ichukue," akasema. "Rafu yangu haina nafasi yake." Kama ilikuwa hasira au huruma, mpaka leo sijui. Kiti kikakunjwa. Mwanawe Fundi akaja kutuchukua, na gari la Fundi akaliendesha yeye, na ufunguo haukurudi tena.

Ndani ya gari nilimnong'oneza, "Kwa nini hukuniacha niseme?"

"Ungesema wewe, wangeuliza kwa nini Fundi hakuona. Tungefika pale pale, na wewe umeaibika bure." Akageukia dirisha. "Lakini Mama Ndinda. Mafuta ya kupikia?"

Baadaye mwanawe akapata kazi katika maghala ya Fort Worth, wakahamia huko. Ni mbali kwa mtu asiye na gari, na ni mbali zaidi kwa mtu mwenye aibu. Sikwenda. Nilituma salamu kanisani, nikatuma muthokoi mara mbili, na mara zote kibakuli kilirudi na ndizi ndani, kwa hiyo nilijua hajanifuta kabisa. Lakini kila nilipochukua ule waya kusugua sufuria mkono wangu ulisita. Ndinda aliniuliza siku hizi sufuria zimekuwaje nyeusi. Nikamwambia ndiyo mtindo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mwende alipopata leseni ya gari, akiwa wa kwanza darasani kwao, jambo hilo nalo liandikwe, nilimwambia anipeleke Fort Worth.

Fundi alikuwa sebuleni, televisheni imezimwa. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Viatu viling'aa. Akasikia hatua zangu.

"Goti la kushoto bado," akasema. "Karibu, Mama Ndinda. Tikisa kiti kwanza."

Nikatikisa, nikakaa. Hakuningoja niseme maneno niliyoyapanga njia nzima. Akafungua droo ya meza, akatoa kitambaa changu kile kile, akaifungua ile bastola, imevunjwa mgongo, nyundo yake imekatwa ncha isigonge risasi tena. Akaanza kuichambua kwa vidole, anapanga vipande juu ya meza kama mtu anayetoa dengu mawe.

"Mama yake ni nani?" akaniuliza.

"Fundi, niache."

"Jibu."

"Malori. Nilikusomea mwenyewe."

"Ulisoma rangi." Akanipa ile nyundo ndogo. "Gusa hapo ubavuni. Kwa kidole gumba, pole pole."

Nikagusa. Kulikuwa na herufi tatu, ndogo kama mayai ya chawa.

"Cherehani," nikasema.

"Cherehani. Na hii skrubu ni ya serikali. Na silinda hii ina namba yake, mtutu una namba nyingine. Imepita kwenye beseni la mtu kama mimi, Mama Ndinda, halafu ikapakwa rangi juu ili ifanane. Rangi ya kiwandani haiingii kwenye mfereji wa skrubu. Hii iliingia. Ningekuwa na macho ningeona mara moja, na kwa kuwa sikuwa nayo sikukuuliza. Macho yakiondoka, maswali nayo yanaondoka." Akakohoa. "Ile Jumamosi nilikuwa nasimama kusema ni ya nyumba moja. Neno langu la mwisho pale lingekuwa uongo. Wewe na sabuni yako mkanifunga mdomo."

"Kofia anajua?"

"Nilimpigia simu. Alicheka, halafu akaniuliza kama yule mama bado ananigombeza. Sasa hunitumia vipande kwa posta, vyuma vitupu visivyo na rangi. Navigusa, namwambia mama zao."

Nilitazama mikono yake. Dole gumba lilikuwa linatembea juu ya chuma cheupe, linasimama, linarudi, kama mtoto anayefuata mstari kwenye kitabu. Pale palipokuwa na rangi nene vidole visingesoma kitu. Nilikuwa nimelia miaka miwili juu ya kitu ambacho mtu huyu alikuwa akikisoma kila siku.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Chai yako naona haina sukari."

"Mwanangu ameificha."

"Vizuri."

Dole gumba lake likaingia kwenye kona ya ndani, chini ya mpini, mahali pembamba. Likasimama hapo. Akakunja uso, ule uso wa kiti kibovu.

"Hapa hukufika," akasema. "Bado kuna rangi. Nahisi kuna alama chini yake na siwezi kuisoma. Miaka miwili inaniwasha." Akanisogezea kile chuma mezani. "Hukuja na ule waya?"

Nilifungua mkoba. Niliutoa chini kabisa, chini ya leso na Biblia, pale nilipouficha nisiuone, nikamwita Mwende atuletee maji ya moto.